Mtindi Unywe, Usimpake Mtoto

Wateja wa duka langu la dawa muhimu hapa Robanda, mkoani Mara, wameanza kuniulizia kitu ambacho sijawahi kuwa nacho: krimu ya bakteria. Si ya kuua bakteria, hiyo wanaijua. Wanataka yenye bakteria ndani yake, ya kutuliza ngozi inayowasha, kuvimba na kuwa nyekundu. Wengine wamesikia kwa ndugu wanaofanya kazi kwenye kambi za watalii, wengine wameona kwenye simu. Na kwa kuwa sina, baadhi ya akina mama wamejiambia kwamba kibuyu cha nyumbani kimejaa bakteria hao hao, basi wanachota mtindi na kumpaka mtoto.

Naandika kuwapinga hao wa kibuyu. Siwapingi kwa dharau, maana wazo lao lina mzizi wa kweli, na jambo lenye mzizi wa kweli halizimwi kwa kufoka dukani.

Nianze na huo ukweli. Kambi na loji zilizotuzunguka huku upande wa lango la Ikoma zina faida zake, na mojawapo ni mabaki. Mgeni akiondoka huacha nusu ya kila kitu: shampuu, dawa ya mbu, mafuta ya jua. Mhudumu mmoja wa vyumba aliniletea tyubu aliyoachiwa na mgeni Mfaransa, akitaka nimwambie kama inamfaa mkewe mwenye pumu ya ngozi. Huku ukisimama nyuma ya kaunta na koti jeupe wewe ni "daktari", hata ukikana. Nikavaa miwani, maana maandishi ya viambato kwenye tyubu za Ulaya ni madogo kama mayai ya chawa. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Maji yalitangulia, ikafuata glisirini, ikafuata siagi ya shea, na huko chini kabisa nikakutana na jina Vitreoscilla Ferment.

Huyo ndiye bakteria anayezungumzwa. Vitreoscilla filiformis ana umbo la uzi na asili yake ni maji ya chemchemi, yale ambayo Wazungu wamekuwa wakiyaendea kuoga na kujipaka tope tangu zamani wakitafuta nafuu ya ngozi. Kiwandani humkuza, kisha humuua na kumpasua, na kinachoingia kwenye krimu ni vipande vyake. Hapa ndipo wateja wangu wengi wanaposhangaa: ndani ya tyubu hakuna bakteria hata mmoja aliye hai.

Vipande vya maiti vinafanya nini? Seli za ngozi zina vipokezi vinavyotambua maganda ya bakteria. Zikigusana na ganda la bakteria asiye na madhara, mfumo wa kinga hutoa kemikali za kutuliza badala ya zile za kupigana, na ngozi yenyewe huchochewa kutengeneza protini zinazowazuia wadudu wabaya. Mwenye pumu ya ngozi, ambayo vitabu huiita ukurutu, anavihitaji vyote viwili. Ngozi yake huvuja maji na kukauka, kinga yake hupigana hata pasipo na adui, na juu ya ngozi hiyo iliyopasuka bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hujifanyia makazi na kuzidisha moto.

Mwaka 2008 ulichapishwa Uingereza utafiti wa watu 75 wenye ukurutu, wadogo kwa wakubwa. Wengine walipaka krimu yenye asilimia 5 ya vipande hivyo, wengine krimu ile ile bila vipande, kwa siku 30, na hakuna aliyejua kapewa ipi. Waliopata vipande walipungukiwa mwasho zaidi na wakalala vizuri zaidi. Nayaheshimu matokeo hayo. Ila miongoni mwa watafiti walikuwemo watu wa L'Oréal, kampuni inayouza krimu za aina hiyo, na siku 30 kwetu hazimalizi hata kipande cha kiangazi. Mimi mtoto wa kiangazi namjua: Juni anaanza kujikuna, na mpaka mvua za vuli zinapokuja viwiko vyake kwa ndani vimekuwa vigumu na vyeusi.

Wamarekani walikwenda mbali zaidi wakajaribu bakteria walio hai. Watafiti wa taasisi za afya za serikali yao walichukua Roseomonas mucosa kutoka kwenye ngozi za watu wazima wenye afya, wakawapulizia wagonjwa. Mwaka 2018 walitangaza majaribio ya kwanza ya watu wazima 10 na watoto 5, na wengi walipata nafuu kubwa. Kila mtu akafurahi. Kampuni moja ikaichukua kazi hiyo, ikafanya jaribio kubwa zaidi lenye kundi la kulinganisha, na Septemba 2021 ikatoa majibu: waliopuliziwa bakteria hawakuwapita waliopuliziwa kitu kitupu. Habari ya mwaka 2018 bado inazunguka kwenye simu za watu. Ya 2021 sijawahi kuona mtu akiisambaza.

Sasa tuje kwenye kibuyu.

Maziwa ya kibuyu nayajua, nimeyanywa kabla sijaota meno yote. Ndani yake kweli kuna bakteria wa kuheshimiwa. Watafiti wa Kenya walipoyachunguza maziwa ya Wamasai, yale wenyewe wanayoyaita "kule naoto", na kuchapisha mwaka 2004, waliwakuta wengi wa jamii ya Lactobacillus, na aliyetawala ni Lactobacillus plantarum. Sidhani yetu huku yako mbali sana na hayo. Kwa hiyo mama anaposema kibuyu kina bakteria rafiki, hajadanganya.

Lakini niwaeleze nilichoona. Mama mmoja alikuja na binti yake wa miaka kama mitatu, amemvalisha sweta jua likiwa kali. Nilipomvua, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ilikuwa imegandiwa na ukoko mweupe uliopasukapasuka, unanuka uchachu, nzi wanamfuata mtoto tangu mlangoni. Alikuwa amepakwa mtindi asubuhi na jioni. Tukaosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, mtoto akilia. Chini ya ule weupe kulikuwa na ukoko mwingine, wa njano, unaotoa majimaji. Hapo tena si kazi ya duka. Nilimwambia, "Mama, huyu leo hii zahanati, usipitie nyumbani." Ngozi ilikuwa imeshaingiwa na maambukizi.

Mama huyo si mzembe. Alimpaka kwa mapenzi, na akawa na subira kuliko wengi wanaopewa dawa. Tatizo ni kwamba mtindi na ile tyubu ya Mfaransa ni vitu viwili tofauti. Kwenye tyubu kuna aina moja ya bakteria, amekuzwa peke yake, ameuawa, kipimo chake kinajulikana. Kwenye kibuyu kuna kundi zima la walio hai, pamoja na chachu na chochote kilichotoka kwenye mkono wa mkamuaji au kwato za ng'ombe. Tumbo lina asidi ya kupambana na wageni wa namna hiyo. Ngozi iliyopasuka haina. Kisha mtindi wenyewe ni mkali, unachoma kwenye kidonda, mtoto anajikuna zaidi.

Na kuna jambo la tatu ambalo nalisema kila siku na halieleweki kirahisi. Ngozi iliyoharibika ikipakwa chakula, mwili wa mtoto unaweza kujifunza kukichukia chakula hicho. Uingereza mwaka 2003 watafiti waligundua kuwa watoto waliopakwa mafuta yenye karanga kwenye ngozi yenye vipele walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na mzio wa karanga. Sasa fikiria mtoto wa Mara anapata mzio wa maziwa. Tutamlea na nini?

Kunywa ni habari nyingine, na hapa sina ugomvi na mtu, mradi maziwa yachemshwe kwanza. Najua wazee watanishambulia, watasema maziwa yaliyochemshwa hayana ladha. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe humwingia mtu kupitia maziwa mabichi, na kugandisha peke yake si kinga ya uhakika. Homa zisizoisha na maumivu ya viungo tunavyosingizia malaria, vingine vinatoka huko. Chemsha, acha yapoe mpaka kidole kivumilie, tia kijiko cha mtindi wa jana, funika. Ladha itarudi.

Je, kunywa kunaponya ngozi? Wafini walifanya kazi nzuri katika mji wa Turku. Waliwapa akina mama wajawazito, na baadaye watoto wao, aina moja ya Lactobacillus, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba watoto waliopata ukurutu kufikia umri wa miaka miwili walikuwa asilimia 23, dhidi ya 46 kwa ambao hawakupewa. Ni punguzo la nusu. Lakini hao walikuwa wanazuia, na familia zilichaguliwa kwa kuwa na historia ya mzio. Kwa ambaye tayari anaumwa, wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 39 yenye watu wapatao 2,600 na kuhitimisha mwaka 2018 kwamba bakteria hao wa kunywa au kumeza huenda hawaleti tofauti yoyote ya maana. Mpe mtoto mtindi kwa sababu ni chakula kizuri, unashuka na ugali vizuri. Usimpe kwa kutarajia viwiko vipone.

Na wala tusiabudu bakteria mmoja. Wenzetu Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi, walichunguzwa matumbo na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Watu 27 wale hawakukutwa na Bifidobacterium, bakteria ambaye makampuni ya Ulaya humtia kwenye vidonge, vikopo vya mtindi na krimu za uso kana kwamba bila yeye mtu hawezi kuishi. Wahadzabe wamekula mizizi, asali na nyama kwa vizazi wala hawajaona pengo lake.

Yote hayo ni utangulizi wa kinachonikera hasa. Wakati tunabishana juu ya bakteria wa Mfaransa, ngozi za watu wetu zinaharibiwa na kitu kingine kabisa, na kinauzwa gulioni mchana kweupe. Nazungumzia vikopo visivyo na lebo, au vyenye lebo ya uongo. Muuzaji anachota kutoka kwenye ndoo, anakupimia kwenye kopo la siagi, anasema ni ya "vipele vyote". Ukipaka, mwasho unaondoka siku mbili tu na rangi inang'aa. Mteja anarudi kumsifu. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali, ya daraja la klobetasoli, na katika mkorogo wa kujichubua unaweza kukuta haidrokwinoni au zebaki.

Steroidi si adui yangu. Ikichaguliwa ya nguvu inayofaa, ikapakwa mahali panapofaa kwa siku chache kwa maelekezo ya tabibu, ndiyo dawa inayotuliza ukurutu uliowaka kuliko zote zinazopatikana kirahisi. Lakini klobetasoli kwenye shavu la mtoto kwa miezi ni msiba: ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, na siku ukiacha wekundu unarudi kwa hasira. Kama kilichokuwepo ni fangasi, krimu inaficha umbo lake huku yenyewe ikitambaa. Kama ni upele wa kuambukizana, ule unaowafanya watu wote wa nyumba wajikune usiku kati ya vidole, unaendelea kusambaa chini ya krimu.

Zebaki ni balaa la aina yake, na Mara tuna sababu ya kuijua. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tarime wanaitumia kila siku kukamatisha dhahabu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyote vinavyotiwa zebaki. Sheria yetu ya vyakula, dawa na vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Karatasi hazijakosekana. Ninachokosa mimi ni kumwona mkaguzi akisimama kwenye gulio na kuuliza ile ndoo imetoka wapi. Kwangu wanakuja, kwa kuwa nina leseni ukutani na bango nje. Mwenye ndoo hana bango.

Na hofu yangu ni hii: neno "bakteria" ndilo litakuwa lebo mpya ya ndoo ile ile. Jina limeshaanza kupendwa, linasikika la kitaalamu na la asili kwa wakati mmoja, na hakuna mteja anayeweza kulipima. Mwenye ndoo atasema ina bakteria wa maziwa wa Ulaya, mwasho utaondoka siku mbili kwa sababu ya steroidi, na sifa zitakwenda kwa bakteria. Kwa hiyo ukiletewa krimu ya namna hiyo, uliza vitu vitatu: jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho ya matumizi, na orodha ya viambato. Kimoja kikikosekana, rudisha.

Mgonjwa wa ukurutu wa Robanda anahitaji nini leo? Vitu vya kuchosha kusimulia. Aoge maji yasiyo ya moto, kwa muda mfupi, na sabuni isiyo kali. Ile ya mche ya kufulia iachwe kwenye nguo. Akitoka majini, kabla ngozi haijakauka, apakwe mafuta ya mgando, yale yasiyo na manukato, mengi, mara mbili au zaidi kwa siku. Kopo kwangu halizidi shilingi elfu mbili au tatu kulingana na ukubwa. Kucha zikatwe. Ukurutu ukiwaka, zahanati. Mteja akisikia hivyo uso unamshuka, maana alitaka dawa na mimi nampa mafuta. Lakini ile tyubu ya mgeni, ukiondoa mstari wa bakteria, ilikuwa nini? Maji, glisirini na siagi. Hata kwenye utafiti wa mwaka 2008 ilibidi wailinganishe na krimu tupu, kwa sababu krimu tupu nayo hutuliza.

Sasa, sitaki nionekane mpinzani wa bakteria. Nawataka, ila watoke kwa watu wanaopima. Mwanza wameshafanya. Mwaka 2004 wanawake wa kikundi cha Tukwamuane, mtaa wa Mabatini, walianza kugandisha maziwa kwa bakteria aliyechaguliwa maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na chuo kikuu cha Western Ontario cha Kanada na watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR. Mtindi wao uliitwa Fiti. Hawakuwa na shahada. Walikuwa na jiko safi, kipimajoto, na nidhamu ya kutochanganya mbegu. Mwaka 2014 ukachapishwa utafiti uliofanyika huko huko Mwanza: wajawazito waliokunywa mtindi wa namna hiyo hawakuongezekewa zebaki na aseniki katika damu kama wenzao. Ulikuwa utafiti mdogo wa majaribio, na wenyewe wanakiri. Lakini ulifanyika kwetu, juu ya shida yetu, na ulihesabiwa.

Na krimu je? Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992. Kinafundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino. Watanzania wanaotengeneza krimu kwa viwango na kuifikisha vijijini tayari wapo.

Kinachotakiwa basi ni hao wawili wakutane. Wachukue bakteria mmoja wa maziwa ya kwetu anayejulikana kwa jina, wamuue, wampime, wamtie kwenye krimu, wawape watoto wenye ukurutu wa kanda hii kwa kiangazi kizima badala ya siku 30. Kundi la kulinganisha lipewe mafuta ya mgando ya kawaida, sio krimu dhaifu iliyotengenezwa ili ishindwe. Na kama kuna fedha ya maendeleo ya jamii inayotokana na watalii wanaopita hapa kila siku, sioni aibu kuomba kipande chake kigharamie kazi hiyo. Krimu ya bakteria ikiyashinda mafuta ya elfu mbili, nitaagiza katoni. Ikishindwa, nitaendelea kuuza mafuta, na wateja wataendelea kuninunia.